Roboti ya nyasi, roboti ya sakafu, droni ya paa: ipi kwanza?

Swali: Uwanja wangu una nyasi za kama mita za mraba 600. Umezungushiwa ukuta, nyuma kuna mteremko, na kuna miti miwili mikubwa inayopukutisha majani mwaka mzima. Paa ni la vigae na mifereji yake huziba. Ndani kuna sakafu ya marumaru na mazulia machache. Nina watoto wadogo na mbwa mmoja. Nyasi na kufagia vinanimalizia siku nzima kila wiki, na kupanda paani kunanitia hofu. Nimeona roboti za kukata nyasi, za kufyonza vumbi, za kusafisha vioo, na droni za kukagua paa. Nianze na ipi, niandaeje nyumba, na kazi zipi nisiziachie mashine?

Jibu: Anza na roboti ya nyasi. Ya sakafu ifuate baada ya miezi miwili mitatu, ukishajua kuishi na ile ya kwanza. Droni isubiri. Kwa paa moja linalokaguliwa mara mbili kwa mwaka, kumkodi mtu mwenye droni na kibali chake huwatosha wengi.

Sababu ya mpangilio huo ni kwamba roboti huimudu kazi ndogo inayojirudia mahali pale pale. Kupunguza nyasi milimita mbili tatu kila siku ni kazi ya namna hiyo, na kuokota vumbi la jana pia. Kuzibua mfereji wa paa sivyo: leo kuna majani makavu, kesho tope limeganda, keshokutwa kiota cha ndege. Kazi inayobadilika sura kila inapokuja bado inamtaka mtu mwenye macho na mikono. Kila utakaposhawishika kununua mashine mpya, jiulize kwanza kazi hiyo hujirudia mara ngapi kwa mwezi.

Kabla ya kuchagua aina yoyote ya roboti ya nyasi, chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja na pima maji. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu wa mteremko, inua ncha ya chini hadi pima maji ionyeshe usawa, kisha pima kimo kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 25 ni mteremko wa asilimia 25, sentimita 40 ni asilimia 40. Pima mahali patano au sita, hasa pale pakali kuliko pote na pale mteremko unapofika ukutani. Roboti nyingi zinazosukumwa na magurudumu mawili hupanda hadi asilimia 35, baadhi 45. Zinazosukumwa na magurudumu manne hufika 70 au zaidi. Angalia kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ni asilimia au ni nyuzi, kwa kuwa wauzaji huvichanganya: asilimia 35 ni kama nyuzi 19 tu. Tena, namba hiyo ni ya katikati ya uwanja, nyasi zikiwa kavu. Pembezoni, mahali roboti inapolazimika kugeuka, nyingi hazitakiwi kuzidi asilimia 15. Nyasi zikiwa na umande gurudumu huteleza, mashine huvuka mpaka na kukwama ukutani. Mteremko wako ukizidi uwezo wa mashine, liache eneo hilo nje ya mpaka wake na ulipande mimea inayotambaa. Ni nafuu kuliko kununua roboti kubwa kwa ajili ya kipande cha mita 40.

Ukubwa wa eneo unaotajwa na mtengenezaji mara nyingi huchukulia kuwa mashine inafanya kazi karibu saa zote, juu ya uwanja tambarare na wazi. Wewe una miti na mteremko, na kwa sababu nitakazozieleza chini hutaiachia usiku. Kwa mita 600, tafuta iliyopimwa kwa mita 1,000 hivi.

Sasa njia ya kuiongoza, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna roboti zinazofuata waya wa mpaka uliotandazwa kuzunguka uwanja. Zipo za setilaiti kwa mfumo wa RTK, yaani ule ambao antena ya kituo kilichosimama husahihisha makosa ya setilaiti. Na zipo zinazotumia kihisi cha leza au kamera kutambua mazingira. Ya setilaiti hupata usahihi wa sentimita 2 au 3, lakini kwa masharti: antena ya kituo chake lazima ione anga pana, na roboti yenyewe pia. Chini ya mti mkubwa, au kwenye ujia kati ya nyumba na ukuta, mawimbi huzuiwa na mengine hurudi yakiwa yamegonga ukuta, hivyo mashine hujidhani iko mahali ambapo haipo. Zilizo bora husimama. Nyingine huingia kwenye bustani ya maua. Ya leza hutegemea kuona vitu vilivyosimama: kuta, vigogo, nguzo. Kwenye uwanja mpana usio na kitu hupotea, bali kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta kama wako hujua vizuri ilipo. Kwa hiyo kwako chaguo ni la leza au la waya. RTK peke yake, bila kamera ya kuisaidia, usiinunue kwa uwanja wenye miti miwili mikubwa.

Waya una sifa mbaya ya kuchosha siku ya kuutandaza, lakini ukitandazwa vizuri hudumu miaka. Mambo machache ndiyo huamua kama utakusumbua au la. Kando ya ukuta, waya ukae sentimita 30 hadi 35 kutoka ukutani, kwa sababu roboti huupita kidogo kabla ya kugeuka. Hilo litaacha utepe wa nyasi usiokatwa. Ukiuchukia, panga safu ya matofali bapa kando ya ukuta, yawe usawa na udongo, kisha sogeza waya hadi sentimita 10 kutoka kwenye matofali. Gurudumu litapita juu yake na nyasi zitakatwa hadi mwisho. Piga kigingi kila sentimita 75, na mahali penye mabonde punguza nafasi, hadi waya uguse ardhi kila mahali. Waya unaoning'inia sentimita mbili juu ya udongo hukatwa na visu vya roboti yenyewe wiki ya kwanza. Pembe usizikunje kwa ukali, zizungushe. Kwenye kila pembe acha waya wa ziada kama sentimita 20, siku ya kuunga utashukuru.

Mti wenye kigogo imara hauhitaji kuzungushiwa waya, kwani roboti huugonga polepole na kugeuka. Tatizo ni mizizi iliyotokeza juu ya udongo. Visu vikiigonga hupinda, na gurudumu hupanda juu yake likabaki linazunguka hewani. Hapo tengeneza kisiwa: waya utoke mpakani, uzunguke mti nje ya mizizi, urudi mpakani ukiwa umebanana na ule wa kwenda, bila kuvukana. Ishara za nyaya mbili zilizobanana hufutana, na roboti hupita juu yake kana kwamba hazipo. Zikiachana sentimita chache, mashine huona mpaka mpya na nusu ya uwanja haitaguswa.

Maungio ya waya yafungwe kwa viunganishi vyenye jeli vinavyozuia maji. Kusokota nyaya na kuzungusha utepe wa fundi umeme hufanya kazi miezi michache, kisha unyevu huingia, shaba hugeuka kijani, na mashine huanza kulalamika haioni ishara kila inaponyesha. Siku ya kwanza, waya ukiwa mzima, pima ukinzani wake kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na uandike mahali. Waya wa shaba wa nusu milimita ya mraba, yaani mm² 0.5, una takriban ohm 3.5 kwa kila mita 100. Miezi sita baadaye ukipima na kukuta namba imepanda mara tatu, kuna kiungo kibovu. Multimita isipoonyesha kitu, waya umekatika. Kupata ulipokatika, mara nyingi redio ndogo ya mawimbi ya AM husaidia: ipitishe karibu na waya, utasikia mvumo wa ishara, na penye kukatika mvumo hufifia.

Kituo cha kuchajia kiwe mahali tambarare, penye kivuli, na mbele yake pawe wazi mita 2 hadi 3 kwa mstari ulionyooka. Kivuli si anasa; joto huua betri za lithiamu mapema kuliko kitu kingine chochote. Ngurumo zikikaribia, ondoa plagi ya umeme na chomoa ncha za waya wa mpaka kwenye kituo. Mzunguko wa waya wa zaidi ya mita 100 ardhini hunasa msukumo wa radi iliyopiga hata mbali na nyumba, na bodi ya kituo ndiyo huungua.

Kata ya kwanza usiiachie roboti. Kata nyasi kwa mashine ya kawaida hadi kama sentimita 5, kusanya vipande, okota mawe, vijiti na midoli, fukia mashimo ambayo gurudumu linaweza kudumbukia. Kisha weka roboti kwenye kimo cha juu kabisa, kwa kawaida milimita 60, na uishushe milimita 5 kila baada ya siku nne tano. Kwa kuwa hukata ncha tu, vipande ni vidogo kiasi cha kuzama kati ya nyasi na kuoza, na naitrojeni hurudi udongoni. Ukiiacha mashine imezimwa wiki tatu kisha ukaiwasha nyasi zikiwa ndefu, vipande vitakuwa virefu, vitalala juu kama mkeka na kuzinyima nyasi mwanga. Kanuni ya zamani ya watunza bustani bado ni ile ile: usikate zaidi ya theluthi moja ya kimo kwa mara moja.

Visu ndivyo watu husahau. Roboti nyingi zina visu vitatu vidogo, vyembamba kama nyembe, vilivyofungwa kwa skrubu kwenye sahani inayozunguka. Vikikwaruzana na mchanga huwa butu baada ya wiki nne hadi nane. Dalili huonekana kwenye nyasi zenyewe: ncha zinachanika badala ya kukatika, na baada ya siku mbili uwanja unachukua rangi ya hudhurungi hafifu. Zima swichi kuu, vaa glavu nene, geuza mashine, badilisha visu vyote vitatu pamoja na skrubu zake. Ukibadilisha kimoja, sahani hupoteza mizani, hutetemeka na kula beringi ya mota. Skrubu za zamani kichwa chake huwa kimelika na siku moja kisu huruka. Baada ya kufunga, kila kisu kizunguke chenyewe bila kukwama, kwa maana kimeumbwa kurudi nyuma kikigonga kitu kigumu. Nyasi zilizoganda chini ya mwili wa mashine ziondoe kwa brashi kavu na kijiti. Maji ya bomba tumia tu kama kitabu cha maelekezo kinaruhusu. Mashine ya maji ya shinikizo usiielekeze huko kamwe, husukuma maji kupita mihuri na kuingia kwenye mota za magurudumu.

Majani ya miti yako miwili yataisumbua roboti kuliko nyasi. Majani machache makavu huyakata na kupita. Majani mengi yaliyolowa huziba sahani na kuyafanya magurudumu yateleze. Msimu wa kupukutika yakusanye kwa reki kila siku mbili, au sivyo punguza saa za roboti. Matunda yaliyoanguka na vijiti vinene kuliko kidole viondolewe kabla haijatoka. Na ukiona njia ya udongo mtupu imechimbika kutoka kituoni, mashine inarudi nyumbani kwa mstari ule ule kila siku. Tafuta kwenye programu yake mahali pa kupanua ujia wa kurudi, ili ibadilishe njia.

Kuhusu watoto na mbwa sitalegeza neno. Roboti ya nyasi ina vihisi vinavyosimamisha visu ikinyanyuliwa au ikipinduka, na husimama au kugeuka ikigonga kitu. Hakuna kati ya hivyo kinachojua kuwa kidole cha mtoto kimeingizwa chini ya ukingo. Ipange ifanye kazi saa ambazo watoto hawako uwanjani: wakiwa shule, au wakati wa usingizi wa mchana, mlango ukiwa umefungwa. Weka namba ya siri ili mtoto asiiwashe. Mbwa afungiwe ndani siku za mwanzo hadi aizoee, na hata akiizoea asiachwe nayo peke yake. Kinyesi chake kiokotwe kabla, la sivyo magurudumu yatakieneza uwanja mzima hadi ndani ya kituo. Usiku iache ilale. Gizani wanyama wadogo hutoka, na kalunguyeye akitishwa hujikunja badala ya kukimbia. Ndiyo maana jiji la Köln, Ujerumani, lilipiga marufuku roboti hizi kufanya kazi usiku mwaka 2024.

Ndani ya nyumba mambo ni mepesi zaidi, na sakafu yako ya marumaru ni rafiki wa roboti. Tangu kampuni ya Electrolux ilipoleta roboti ya kufyonza vumbi iitwayo Trilobite mwaka 2001 na kampuni ya iRobot ikafuata na Roomba mwaka 2002, kilichobadilika sana ni ujuzi wa njia: za leo huchora ramani ya nyumba kwa leza au kamera, badala ya kugongagonga hovyo. Maadui wamebaki wale wale, yaani nywele, nyaya za chaja na matamvua ya zulia.

Pima kimo chini ya makochi na vitanda. Roboti nyingi zina kimo cha sentimita 8 hadi 10. Zenye kinara cha leza juu ndizo ndefu, na kochi lenye nafasi inayolingana na kimo chake huibana mashine katikati. Vizingiti vya sentimita 2 nyingi huvuka, zaidi ya hapo weka kipande cha ubao kilichochongwa mteremko. Zulia jeusi au lenye mistari myeusi linaweza kuikwamisha kabisa: vihisi vya ngazi vilivyo chini yake hutuma mwanga na kusubiri urudi, nyeusi humeza mwanga, na mashine huamini iko ukingoni mwa ngazi. Watu hushawishika kuvifunika vihisi hivyo kwa utepe. Usifanye hivyo ikiwa nyumba ina ngazi hata moja. Matamvua yakunje chini ya zulia au liwekee alama ya kutoguswa kwenye ramani. Ziara ya kwanza ya kuchora ramani fungua milango yote, washa taa kama mashine ni ya kamera, na usiihamishe kwa mkono. Ikikataa kuungana na waifai, mara nyingi simu yako iko kwenye mkondo wa 5 GHz wakati roboti inaelewa 2.4 GHz tu.

Iendeshe kila siku, hata kwa nusu saa. Mara moja kwa wiki toa rola, kata nywele kwa mkasi kwa kufuata mfereji wake, kisha vuta vifuniko vya pembeni: huko ndiko nywele hujisokota kwenye beringi hadi rola inasimama na mashine kuripoti hitilafu ya mota. Futa vihisi vya chini na bamba za kuchajia kwa kitambaa kikavu. Chujio likung'ute, lioshe tu kama linaoshwa, na likauke saa 24 kamili kabla ya kulirudisha, vinginevyo litaota ukungu na nyumba itanuka. Kwa kawaida hubadilishwa kila miezi miwili mitatu. Vumbi la simenti au plasta, kama kuna ujenzi, liondoe kwa njia nyingine. Chembe zake hupita chujio na kuua mota. Mashine yenye tambara la kupigia deki itilie maji safi, au sabuni ile iliyoruhusiwa na mtengenezaji kwa kipimo chake. Dawa za klorini hula mipira ya pampu, na sabuni yenye povu huifanya iteleze. Tambara lililolowa usiliache chini ya mashine usiku kucha. Na mbwa akijisaidia ndani kabla roboti haijapita, utaosha kila kitu hadi magurudumu, hivyo saa yake iwe ile ambayo mtu yuko macho.

Roboti ya vioo nakushauri uiache, isipokuwa una vioo vikubwa vya juu visivyofikika. Hujishikilia kwa kufyonza hewa, na betri yake ya akiba huishikilia dakika chache tu umeme ukikatika. Kamba ya usalama ifungwe kwenye kitu kizito ndani ya chumba kila mara. Vioo visivyo na fremu huivuruga ukingoni, na maji mengi huifanya iteleze.

Mifereji ya paa ndiyo swali gumu. iRobot ilileta roboti ya mifereji, Looj, mwaka 2007. Ilitambaa ndani ya mfereji ikirusha majani kwa pangaboi la mbele. Udhaifu wake ni wa kimaumbile na wenzake wote wanao: lazima mtu apande ngazi kuiweka na kuitoa, na hofu yako ni hiyo hiyo ngazi. Droni nayo haizibui mfereji. Upepo wa propela hupeperusha majani makavu ya juu tu, na kuirusha sentimita 30 kutoka ukingo wa paa ni kutafuta ajali. Dawa yako iko kwenye miti: kata matawi yaliyo ndani ya mita 2 kutoka paani, funika mifereji kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, na kwa uchafu unaobaki tumia bomba refu la kufyonzea lenye kamera nchani, ukiwa umesimama ardhini.

Droni ni jicho lako la paani, na kwa jicho hilo hofu ya kupanda inapungua sana. Iwe unakodi au unanunua, jua kazi ilivyo ili usilipie picha zisizo na maana. Kwanza sheria. Nchi nyingi hutaka droni au rubani asajiliwe, nyingine zimezuia kabisa matumizi binafsi. Ulizia mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kulipa. Gramu 250 ni mstari unaotumika Marekani na Ulaya kutenganisha droni nyepesi na nyingine, na ndiyo maana wengi hutengeneza za gramu 249. Droni ya uzito huo ina kamera ya kutosha kwa paa la nyumba. Majirani waambie siku na saa, na kamera isielekee madirishani kwao.

Chagua asubuhi au alasiri jua likiwa limeinama, kwa kuwa kigae kilichonyanyuka hutupa kivuli na kujionyesha. Saa sita mchana paa lote huonekana bapa. Matawi madogo ya miti yakianza kuyumba, upepo umefika mita 6 hadi 8 kwa sekunde, ahirisha. Kagua propela moja moja kwa ukucha, yenye ufa ibadilishwe. Irushe kutoka juu ya ubao au meza ya mbao, mbali na gari na mfuniko wa shimo, maana chuma, hata nondo zilizo ndani ya zege, huipotosha dira. Subiri hadi setilaiti zitoshe na droni iandike mahali pa nyumbani. Kisha weka kimo cha kurudi nyumbani angalau mita 10 juu ya mti mrefu kuliko yote. Hapa ndipo droni nyingi hufia: mawasiliano hukatika, nayo hurudi kwa mstari ulionyooka kwa kimo kilichowekwa kiwandani, na mti uko katikati.

Picha zipigwe kwa hatua tatu. Kwanza kamera itazame chini wima, droni ikiwa mita 10 hadi 15 juu ya paa, ipite kwa mistari, kila picha ikiingiliana na inayofuata kwa asilimia 70 hadi 80. Pili kamera iinamishwe nyuzi 45, izunguke pande zote nne. Tatu ikaribie hadi mita 3 kwa sehemu za mashaka: kofia za kileleni na plasta yake, mabonde ambako miteremko miwili hukutana na majani kujikusanya, mabati ya kuziba kando ya bomba na ukuta, na mstari wa mifereji. Muda wa kamera kupokea mwanga uwe sekunde 1/500 au mfupi zaidi ili picha zisitoke na ukungu. Usibonyeze kushuka ukiwa chini ya mita moja juu ya vigae, kwani droni inaweza kudhani unataka kutua na kuzima mota mteremkoni. Nyaya za umeme, za antena na kamba za kuanikia nguo vihisi vyake haviwezi kutegemewa kuziona. Zitafute kwa macho yako kabla ya kupaa. Betri iliyoandikwa dakika 30 ipange kama dakika 20, na tua ikibaki asilimia 30. Ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu. Iliyovimba usiitumie tena hata mara moja.

Ukishapata picha, usimpelekee fundi maneno ya "kuna vigae vimevunjika upande wa nyuma." Hesabu safu kuanzia kwenye mfereji kwenda juu, kisha kigae kuanzia ukingo wa kushoto: safu ya 6, kigae cha 11, ufa, safu ya 9, vigae vya 3 na 4, vimeteleza. Andika hivyo juu ya picha yenyewe. Fundi atanunua idadi kamili, atapanda mara moja akiwa na mkanda wa usalama, na ukimaliza unarusha droni tena, au unamwita uliyemkodi, kuthibitisha kwamba safu ya 6 imefungwa kweli kabla hujalipa.